Tunaomba Msipige Makofi Kwanza

RISALA YA UMOJA WA WAFANYAKAZI WA HUDUMA WA CHUO KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUZINDUA AWAMU YA PILI YA VIHISI VYA TAA

Mgeni rasmi, karibu sana, na tunaomba usikiguse kwanza hicho kitufe chekundu kilicho mbele yako.

Mheshimiwa Mkurugenzi, uliyeacha kazi zako ukaja kutuzindulia taa, Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Bodi, wahadhiri wetu, wanachuo mliojaa mpaka mlangoni, na wenzetu mliosimama nyuma kwa kuwa viti ni vya wageni: salamu zetu zimfikie kila mmoja hapo alipo. Kama kuna mkubwa tuliyemruka, atusamehe, itifaki yenyewe tumeisoma jana.

Kabla hatujaenda mbele tuna ombi dogo kwa ukumbi mzima. Tunaomba msipige makofi. Hata tukisema neno likawakuna, hata tukimsifu Mkuu wa Chuo, mikono ikae mapajani mpaka mwisho. Mwenye furaha atabasamu tu. Sababu ipo, na tutaisema wakati wake ukifika.

Anayewasomea ni mpishi msaidizi wa jiko la wanachuo. Nimechaguliwa si kwa elimu, bali kwa kuwa sauti yangu imezoea kushindana na sufuria. Nikiteleza nikasema "mimi", lihesabuni ni kosa la msomaji. Haya ni maneno ya watu thelathini na mmoja.

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi usemi huo tumeuchukua kama ulivyo. Mawe ya njiani tumeyapaka chokaa. Tumefagia hata kule ambako gari lako lisingepita. Fundi bomba ameizuia koki ya choo cha wageni isivuje kwa muda wa saa tatu, na zikizidi hizo hana dhamana.

Tunafahamu pia kwamba risala iliyopitishwa na ofisi ina kurasa mbili. Ilikuwa nzuri, ilishukuru sana. Hii ina kurasa sita. Sentensi hii tumeiandika jana saa kumi, tukijua kwamba tukifika hapa Mkuu wa Chuo atakuwa ameshafungua nakala yake anaitafuta. Mzee wetu, haimo humo. Tunakuomba radhi mbele za watu, na tunakuomba uendelee kukaa, kwanza kwa sababu tunakuheshimu, na pili kwa sababu ukisimama wanachuo watadhani tumemaliza na watapiga makofi.

HISTORIA FUPI

Umoja wetu ni wa watu wa jikoni, usafi, bustani, umeme, bomba na getini. Hatufundishi somo lolote, ila hakuna darasa lililowahi kufunguka bila mmoja wetu kuwa na ufunguo. Tulianza kama chama cha kuzikana na kusaidiana, tukawa watu wa kunywa chai pamoja saa nne nyuma ya jiko, na huko nyuma ya jiko ndiko mambo ya chuo hiki yanakojulikana mapema kuliko ofisini.

Katika historia hiyo kuna mtu mmoja tusiyeweza kumruka, ndiye sababu ya kurasa nne zilizoongezeka. Ni mama wa usafi wa majengo ya madarasa. Jina lake liko kwenye faili, lakini hapa chuoni hata faili likimwita haitiki. Anaitwa Bibi Swichi.

Bibi Swichi aliajiriwa miaka kumi na tisa iliyopita afagie na kupiga deki. Kuzima taa hakuandikiwa na mtu. Alianza mwenyewe wiki ya kwanza, na tangu hapo kila siku ya kazi anazunguka mara tatu: saa saba wanafunzi wakienda kula, saa kumi vipindi vikiisha, na saa kumi na mbili kabla ya kurudi kwake. Madarasa arobaini na sita, maabara mbili, maktaba, na ofisi za waheshimiwa. Anazima taa, anazima feni, anafunga bomba linalodondoka, anafungua pazia ili jua lifanye kazi yake bila kulipwa.

Halafu anaacha karatasi. Mkono wake wa kushoto daima una kitita cha vipande alivyovikata kutoka karatasi za mitihani ya zamani, na kila alipozima kitu anabandika kimoja juu ya swichi. Mhadhiri wa jiografia aliwahi kukuta hiki: "Mwalimu, taa zako sita zilikuwa zinafundisha viti." Mhasibu alipata chake: "Feni yako imekusubiri tangu saa sita. Imechoka, nimeilaza." Na daktari wetu wa mazingira, ambaye siku hiyo alikuwa amekwenda mjini kuhutubia juu ya joto la dunia, alirudi akakuta: "Mwanangu, birika lako lilikuwa linachemsha hewa."

Mkuu wa Chuo naye anavyo, mheshimiwa, tena vingi kuliko wengine. Katibu muhtasi wake ametuambia viko kumi na kimoja, kwenye droo ya juu, na hajatupa hata kimoja. Hilo lilitupa moyo wa kuandika risala hii.

Mkutubi alimuuliza siku moja, "Bibi, umeme si wako, unaumia nini?"

Akamjibu, "Mwanangu, mimi nimesoma kwa kibatari mpaka pua ikawa nyeusi. Taa ikiwaka bure mbele yangu, miguu inakataa kupita."

Mkutubi akacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza, "Na huo umeme hauoti ukutani. Kuna mto umefungwa mahali, au kuna kitu kinachomwa. Sisi huku tunasema joto, joto, kumbe tunalipika wenyewe."

Hiyo ndiyo mihadhara yake. Anaitoa akiwa ameshika ufagio.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mabadiliko ya tabianchi hatukuyasoma kwenye bango lile la mlangoni. Kisima cha bustani kilichokuwa kinataka kamba ya pima nane, leo kinataka pima kumi na tatu. Mvua siku hizi inakuja kama mkaguzi, haitoi taarifa. Mtunza bustani wetu amepanda mchicha mara tatu msimu mmoja, na mara zote tatu akaomba radhi kwa mchicha. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba chuo kitakuwa chuo cha kijani, hatukubisha. Tuliuliza tu tuanzie wapi.

Jikoni tulianzia kwenye mifuniko. Bibi Swichi aliingia kuomba maji ya moto, akasimama mbele ya sufuria kubwa la maharage lililokuwa wazi, akaniuliza, "Mpishi, mvuke huo unampikia nani?" Nilikasirika wiki nzima. Baada ya wiki nikatafuta mfuniko. Sasa maharage yanalowekwa tangu jana yake, sufuria zote zimefunikwa, na gesi iliyokuwa inakwisha kwa siku kumi inakwenda siku kumi na saba. Maganda yote yanakwenda bustanini kuwa mbolea, na maji ya kuoshea mboga yanaufuata mchicha ule ule wenye subira.

Lakini mafanikio yaliyokuleta wewe ni ya umeme, na hapo tunaomba utusikilize kwa utulivu, maana ndipo palipo na donda.

Mwaka juzi ofisi yako, kwa wema, ilitupatia vihisi. Kwa faida ya wazazi waliokuja leo, kihisi ni kile kidude cheupe kilicho darini kama uyoga. Mtu akitembea kinamwona, taa inawaka. Mtu akiondoka, taa inazimika. Jambo zuri sana, na hatusemi hivyo kwa kuwa upo.

Tatizo lilikuwa moja tu, mheshimiwa: hapa ni chuo. Watu wa hapa wanakaa. Kihisi kinamjua mtu anayesogea, na msomaji mzuri hasogei. Maktabani waliokuwa wanasoma wakabaki gizani, na waliokuwa wanapiga soga kwa mikono wakapata mwanga wa kutosha. Vyooni, aliyehitaji muda wake aliachwa na giza na mawazo yake. Na paka wa jikoni, ambaye hajawahi kulipa ada, aligundua kwamba akipita ukumbini usiku anawashiwa taa ishirini na nne, akaanza kupita kila usiku.

Kisha ukaja mtihani wa hesabu. Ilikuwa siku ya mawingu mazito. Wanachuo mia moja na arobaini waliinama kuandika humu humu ukumbini. Baada ya dakika kumi vihisi vikaona kimya, vikaamua hakuna mtu, vikazima.

Msimamizi akauliza gizani, "Nani kazima?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi nani atawasha?"

"Mtu apunge mkono, mwalimu."

Ikabidi achaguliwe wa kupunga. Alijitolea kijana mmoja ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa na la kuandika. Akawa anapunga kila baada ya dakika tano, kwa uaminifu mkubwa. Mkaguzi wa mitihani kutoka nje akaingia, akamwona mtu anapunga mikono katikati ya mtihani, akaona hizo ni ishara za majibu. Mtihani mzima ukarudiwa.

Jioni ile ofisi ya taaluma ikamwita fundi umeme wetu. "Toa hizo waya za vihisi mpaka mitihani iishe." Fundi akazitoa. Mitihani ikaisha. Fundi akangoja aambiwe arudishe, na hakuna aliyemwambia. Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili anangoja.

Ndiyo, mgeni rasmi. Umesikia vizuri. Vihisi vya chuo hiki havijafanya kazi kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Sasa utauliza, na ni haki yako: mbona umeme umepungua? Umepungua kweli. Kabla ya vihisi tulikuwa tunakula uniti elfu tisa na mia nne kwa mwezi. Mwezi ule wa paka zilipanda zikakaribia elfu kumi. Waya zilipotolewa, Bibi Swichi alimwendea fundi akamwambia, "Hivyo vidude vimelala, si ndiyo? Basi nipe ramani ya swichi zote, hata zile za nyuma ya makabati." Akapewa. Akaanza kuzunguka mara nne badala ya tatu. Akawatafuta viongozi wa kila darasa, akawafundisha kuzima wanapotoka, na darasa lililosahau lilibandikiwa karatasi mlangoni watu wote waisome. Wanachuo wanaogopa karatasi ile kuliko karatasi ya matokeo. Mwezi uliopita mita ilisoma uniti elfu sita na mia moja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi hatuwabishii, lakini hiki kimoja kimezima taa mia nne.

CHANGAMOTO

Desturi ya risala ni kuorodhesha changamoto saba au nane. Tunazo, na ile koki ni mojawapo. Leo tumezifungia kabatini zote, tunakuletea moja.

Ofisi yako ilitutumia fomu ya kujaza kila mwezi. Ni fomu safi, ina nembo na ina safu mbili. Safu ya kwanza imeandikwa "Kabla ya vihisi" na ya pili "Baada ya vihisi". Fundi umeme anasoma mita, anarudi na namba yake kwenye kiganja, anatafuta mahali pa kuiandika. Hapakuwa na safu ya mtu. Akaiandika palipokuwa na nafasi. Aliiandika hivyo miezi kumi na minne, na kila mwezi alituambia nyuma ya jiko, "Jamani, mwezi ujao nitasema." Sisi tukamwambia angoje kwanza. Kwa hiyo kosa si lake peke yake, ni letu pamoja na chai yetu.

Fomu zilipofika kwenu zikawa ripoti. Ripoti ikawa sifa. Sifa ikaleta awamu ya pili, ndiyo hii unayoizindua. Na sifa ile ile ilivyorudi huku chuoni ikawa barua.

Barua hiyo alipewa Bibi Swichi wiki tatu zilizopita. Tumeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Inasema kwamba, kwa kuwa shughuli ya udhibiti wa taa na feni sasa inafanywa na mitambo kwa mafanikio makubwa, na kwa kuwa usafi wa madarasa utapewa kampuni, mkataba wake hautaendelezwa baada ya mwisho wa mwezi huu. Zimebaki siku nane.

Amebakiza mwaka mmoja na miezi minne afikie umri wa kustaafu. Akifika hapo, ataondoka kwa kuagwa, na kiinua mgongo chake, na picha ya pamoja ngazini. Akiondoka baada ya siku nane, ataondoka na ufagio usio wake, ambao ataombwa aurudishe stoo.

Mgeni rasmi, hili linatuuma. Tunatania kwa sababu ndivyo tulivyo, lakini linatuuma sana. Tumemwona mtu akiachishwa kazi kwa kosa la kuifanya vizuri mno, na sifa zake amepewa uyoga wa darini usio na waya.

Tulijaribu kusema mapema. Mara ya kwanza tulipokwenda kwa Mkuu wa Chuo alikuwa kwenye kikao. Mara ya pili alikuwa kwenye kikao kuhusu kikao kile. Hatukwenda mara ya tatu, na hapo tulikosea sisi, kwa sababu tuliogopa. Tuliogopa fundi asije akafuata barua ya Bibi, tuliogopa chuo kisiaibike, tuliogopa zawadi yenu isirudi mlikoitoa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumelia tayari, sasa tunasema.

Na kuna jambo la Jumatatu ambalo lazima ulijue. Ofisi ilimwambia fundi kwamba leo mgeni rasmi akibonyeza kitufe chekundu, taa za ukumbi zizimike zenyewe, watu waone maendeleo. Fundi akapanda darini, akakuta kifaa kikuu cha vihisi kimeungua na panya wamefanya makazi. Alikuja jikoni hana rangi.

"Jamani, mimi nimekwisha."

Bibi Swichi alikuwa anakunywa chai, barua yake imekunjwa kwenye mfuko wa koti la kazi. Akamuuliza, "Swichi kuu ya ukumbi si iko kwenye kile chumba cha nyuma ya jukwaa?"

"Iko huko, mama."

"Basi nitakaa humo mimi. Mgeni akibonyeza, watu si watapiga makofi? Nikisikia makofi, nazima."

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia, nikasema, "Bibi, na hiyo barua yako?"

Akaweka kikombe chini. "Barua ni yangu. Mgeni ni wetu sote. Huyu mtoto asiaibike."

Mheshimiwa, fundi wetu ana miaka arobaini na mbili na watoto wanne. Alilia kama mtoto kweli.

Mpango ulikuwa huo, na tungeufuata hadi mwisho. Lakini mtu aliyeandikiwa barua kwamba mitambo imechukua kazi yake, akubali kujificha ukutani aifanye kazi ya mitambo, mitambo ipigiwe makofi! Tulipofika kwenye makofi, hakuna aliyeweza kumeza chai. Ndipo tukaongeza kurasa nne.

MAOMBI

Tunaomba barua ile irudi ilikotoka. Hili ndilo ombi letu, na kama muda ni mdogo mengine unaweza kuyaacha.

Kama muda upo, tunaomba ile miezi kumi na sita aliyobakiza apewe wasaidizi wawili wa kujifunza kwake. Anazijua swichi za chuo hiki kama mama anavyojua watoto wake, ipi inatulia ukiigusa mara moja na ipi ni mpaka uibembeleze, na maarifa hayo hayako kwenye ramani yoyote.

Vihisi hatuvikatai. Tusije tukasikika kama watu tuliopewa kuku tukalalamikia manyoya. Tunaomba vya awamu ya pili viwekwe mahali ambapo watu wanapita, si wanapokaa: kwenye korido, ngazi, stoo na njia ya maegesho. Huko vitafanya kazi nzuri, na Bibi atapumzisha magoti. Mahali wanapokaa watu wanaofikiri, tuachieni mtu. Paka tutaongea naye wenyewe.

Tunaomba pia fomu iongezwe safu ya tatu. Isiwe pana. Iandikwe tu "Aliyefanya", fundi apate pa kuweka ukweli bila kutokwa jasho.

Na kwa Mkuu wa Chuo, ambaye bado amekaa, na Mungu ambariki kwa hilo: mzee wetu, vile vikaratasi kumi na kimoja hukuvitupa. Mtu hahifadhi maneno ya mtu asiyemjali. Tunajua barua uliletewa katikati ya nyingine hamsini ukatia saini, na taa ya ofisi yako ilikuwa inawaka.

Kama kuna wa kuadhibiwa kwa kurasa hizi, majina yetu yako ukurasa wa mwisho. Tumesaini kwa kuzunguka kama ukingo wa sahani, ili atakayetafuta wa kwanza azunguke mpaka achoke.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, sasa unaijua sababu ya kuzuia makofi. Tangu saa tatu asubuhi Bibi Swichi amesimama nyuma ya ukuta huu, mkono kwenye swichi kuu. Tulimpa kigoda, akakikataa. Anasema akikaa mkono hautafika. Haoni ukumbi, ukuta ni mnene, na sikio lake la kulia limechoka, kwa hiyo katika yote tuliyosema hajasikia neno. Anasubiri kishindo cha makofi tu. Hajui kwamba tumemsema, na tukitoka salama atatugombeza wote thelathini na mmoja, akianza na mimi.

Kitufe hicho chekundu hakina waya. Fundi amekibandika kwa gundi asubuhi, tafadhali usikibonyeze kwa nguvu.

Uamuzi ni wako. Ukipenda sherehe iende kama ilivyopangwa, bonyeza, tutapiga makofi, taa zitazimika kwa wakati wake, picha itatoka nzuri. Hakuna atakayekulaumu, na sisi tutakula chakula cha wageni pamoja nawe kwa adabu. Lakini kushoto kwako kuna mlango wa kijani. Haukufungwa kwa ufunguo. Ni hatua saba kutoka ulipokaa, tumezihesabu. Ukigonga, atauliza, "Nani?" Useme tu ni mgeni.

Akitoka, usishangae asipokusalimu kwanza. Ni saa tano, nje jua linawaka, na sisi tumefunga mapazia yote ya ukumbi tukawasha taa ishirini na nne kwa heshima yako. Atatazama juu. Halafu atakutazama wewe. Karatasi zake anazo.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, aibariki ofisi yako, azishushe mvua kwa mpango, na azipe nguvu hatua zako saba. Makofi tumeyaweka. Ni ya atakayetoka mlangoni.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyakazi wa Huduma wa Chuo:
jikoni, usafi, bustani, umeme, bomba na getini.
Tuliosaini ni thelathini na mmoja. Wa thelathini na mbili yuko nyuma ya ukuta, amesimama.